UZI: Vali ya moyo imeharibika vibaya ila mgonjwa hana dalili. Apasuliwe sasa au asubiri?

Mdadisi_wa_Wodi
Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo kila ikiibuka wadau hugawanyika. Tuseme mtu ana miaka 66. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini, imebana vibaya: kasi ya damu 4.3 m/s, wastani wa gradienti (tofauti ya presha kati ya pande mbili za vali) 44 mmHg, eneo la vali 0.8 cm². EF (asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kila pigo) ni 62%. Ukimuuliza anajibu hana tatizo lolote. Kuna wanaosema usimguse mtu asiyelalamika. Kuna wanaosema ukisubiri alalamike umeshachelewa. Na je, namba hizi zinahusu pia vali inayovuja? Wanaoifanya kazi hii waje na vipimo na sababu zake. Jibu la "inategemea" tumelishiba.

MzeeWaEko
Mkuu, kabla hatujagombania kisu, tuhakikishe namba zenyewe ni za kweli. Kubana kwa vali ya aota huhesabiwa kukali kasi ikifika 4.0 m/s, wastani wa gradienti 40 mmHg, na eneo likiwa 1.0 cm² au pungufu. Zako zote tatu zinakubaliana, hapo sina wasiwasi sana. Kazi huanza zikigombana.

Panapokosewa kuliko kwingine ni kipenyo cha njia ya kutokea damu, pale chini ya vali. Kwenye hesabu kipenyo hicho huzidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa dogo huzaa. Chukua VTI (umbali ambao damu husafiri kwa pigo moja) ya njia hiyo 20 cm na VTI ya vali 80 cm. Ukipima kipenyo 2.0 cm, eneo ni 0.79 cm². Ukipima 1.8, linashuka hadi 0.64. Ukipima 2.2, linapanda hadi 0.95. Mgonjwa yule yule, kitanda kile kile. Ndiyo maana ripoti iandike kipenyo kilichotumika, na miezi sita baadaye anayerudia kipimo akitazame kabla ya kutangaza kwamba vali imebana zaidi.

Kasi nayo ina mitego miwili. Boriti ya mawimbi ya eko isipolingana na mkondo wa damu, kasi hutoka ndogo kuliko ilivyo. Dawa yake ni kutafuta kila dirisha: ncha ya moyo, juu ya mfupa wa kidari, na zaidi ya yote upande wa kulia wa kidari mgonjwa akilalia ubavu wa kulia, kwa kipimio kidogo kisicho na picha. Anayepima kutoka kwenye ncha peke yake huwaacha watu wenye 4.4 wakiandikiwa 3.7. Mtego wa pili ni kunasa mkondo wa mitrali (vali kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inayovuja ukadhani ni wa aota. Wa mitrali huanza mapema, hukaa muda mrefu zaidi, na kasi yake mara nyingi hupita 5 m/s.

Na jamani, pimeni presha ya mkono siku ya eko, muiandike. Presha ikiwa 180 juu, ventrikali (chumba cha chini kinachosukuma damu) inasukuma dhidi ya vizuizi viwili na gradienti inaweza kudanganya.

Mdadisi_wa_Wodi
Shukrani mzee. Na eneo likiwa 0.8 lakini gradienti 28, je?

MzeeWaEko
Kwanza rudia kipenyo. Kikiwa sahihi, angalia damu inayosukumwa kwa kila pigo: chini ya 35 ml kwa kila m² ya mwili ni mtiririko mdogo, na gradienti haiwezi kupanda hata vali ikiwa mbovu. Kama EF ni nzuri, mpeleke CT isiyo na dawa ya mishipa, upime chokaa ya vali. Kwa mwanaume, zaidi ya alama 2000 inaelekea ukali. Kwa mwanamke ni 1200. Wanawake hubana kwa makovu zaidi kuliko chokaa, ukiwatumia kipimo cha wanaume utawaacha nje.

DktStetho
Namba zimesemwa, sasa nigeukie hilo neno "hana dalili". Kwangu hilo ni dai linalohitaji uthibitisho. Vali hubana taratibu, na mtu hupunguza mwendo taratibu vile vile bila kujua. Ameacha kubeba mizigo, anapanda ngazi akipumzika katikati, anasema ni uzee. Kwa hiyo usimuulize "unachoka?". Muulize mwaka jana alikuwa akifanya nini ambacho mwaka huu hafanyi. Umuulize na anayeishi naye, maana yeye ndiye anayetembea naye njiani na kulazimika kumsubiri.

Kama bado anasema yuko sawa na anaweza kutembea, mpandishe kwenye mashine ya kukimbilia. Kwa mwenye dalili za wazi kipimo hiki ni marufuku. Kwa asiye nazo, kinafanyika kwa usalama daktari akiwa chumbani, mashine ya kushtua moyo ikiwa tayari, na mwendo ukiongezwa polepole. Presha ipimwe kila hatua. Simamisha papo hapo akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, presha ikishuka 20 mmHg au zaidi, au mapigo ya ventrikali yakianza kujipanga mfululizo.

Kusoma majibu kunahitaji busara. Kuhema sana akiwa mwisho kabisa wa uwezo wake, hasa mzee asiye na mazoezi, si jibu baya. Kuhema kwenye hatua ya kwanza ni jibu. Kizunguzungu ni jibu. Akipata dalili kwenye mashine, tumtoe kundi la wasio na dalili. Huyo ni wa kupasuliwa. Na muulize kama anatumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kwa sababu zinaweza kuficha majibu.

Mabadiliko ya ST (sehemu ya mchoro wa umeme wa moyo) peke yake yasikutishe. Ventrikali iliyonenepa huyatoa bila sababu nyingine.

KisuTaratibu
Niingie upande wa upasuaji. Kwa aota iliyobana bila dalili, sababu zilizokuwa zikikubalika tangu zamani ni hizi: EF kushuka chini ya 50%, au mgonjwa anafanyiwa upasuaji mwingine wa moyo hata hivyo. Zikaongezwa: kasi ya 5 m/s au zaidi, kasi kupanda 0.3 m/s au zaidi kwa mwaka, presha kushuka kwenye mazoezi, na BNP (homoni ya damu inayopanda moyo ukielemewa) kupita mara tatu ya kiwango cha kawaida cha umri na jinsia yake bila sababu nyingine. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 ukaanza kuzingatia hata EF iliyo chini ya 55%.

Halafu zikaja tafiti za kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. RECOVERY ya Korea, 2020, watu 145 waliobana vibaya sana, kasi 4.5 au zaidi: waliokufa kwa upasuaji au kwa moyo walikuwa 1% kwa waliopasuliwa mapema na 15% kwa waliosubiri. AVATAR, watu 157 waliothibitishwa na mazoezi kwamba hawana dalili: kifo, mshtuko wa moyo, kiharusi au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi vilionekana kwa 15% dhidi ya 35%. EARLY TAVR ya 2024 ndiyo kubwa kuliko zote, watu 901 wa miaka 65 na kuendelea, vali ikipitishwa kwenye mshipa wa paja: kifo, kiharusi au kulazwa bila kupangwa kwa ajili ya moyo, 26.8% dhidi ya 45.3%.

Namba ninayowaonyesha watu zaidi ni nyingine: katika kundi la kusubiri la EARLY TAVR, 87% waliishia kuwekewa vali, nusu yao ndani ya miezi kama 11. Kwa hiyo swali si kama atawekewa vali. Swali ni aingie akiwa na nguvu au akiwa hoi.

Asiyekubali
KisuTaratibu, unaruka jambo. Katika EARLY TAVR vifo vilikuwa 8.4% na 9.2%. Hiyo si tofauti. Viharusi 4.2% na 6.7%. Pengo kubwa limetoka kwenye kulazwa, 20.9% dhidi ya 41.7%, na kila mtu alijua yuko kundi gani. Mgonjwa anayejua vali yake mbovu haijaguswa hukimbilia hospitali haraka, na daktari humlaza haraka. Halafu EVOLVED ya mwaka huo huo, watu 224 waliokuwa tayari na dalili za makovu kwenye misuli ya moyo: kifo au kulazwa bila kupangwa kwa ajili ya vali, 18% dhidi ya 23%, tofauti ambayo kitakwimu haikusimama.

Kifo cha ghafla kwa asiye na dalili za kweli ni takribani 1% kwa mwaka. Ukimpeleka mahali ambapo upasuaji wenyewe unaua zaidi ya hapo, umemtoa kwenye hatari ndogo ukamtia kwenye kubwa.

KisuTaratibu
Hoja ya vifo naikubali kama ilivyo, na ya hatari ya upasuaji ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa 2025 haukuamuru. Umesema upasuaji wa mapema uzingatiwe kama njia mbadala ya ufuatiliaji wa karibu, kwa mwenye gradienti kubwa, EF 50% na zaidi, na hatari ndogo ya upasuaji. Hatari hiyo ikadiriwe kwa STS au EuroSCORE II (vikokotoo vya hatari ya upasuaji), kisha uilinganishe na matokeo ya timu itakayomshika mgonjwa. Timu inayofanya chache kwa mwaka isijifiche nyuma ya takwimu za wengine.

Ila nawe hesabu foleni. Kama kutoka siku ya uamuzi hadi siku ya upasuaji ni miezi sita, basi "tusubiri dalili" maana yake ni kupasua miezi sita baada ya dalili. Mwenye aota iliyobana na dalili hana anasa ya miezi sita. Kusubiri huko kunapendeza kwenye karatasi za mahali ambapo foleni ni wiki mbili.

Asiyekubali
Hapo kwenye foleni sina ubishi.

Mdadisi_wa_Wodi
Twende kwenye mitrali inayovuja. EF 58% si nzuri?

DktStetho
Kwa mitrali inayovuja sana, 58% ni kengele. Ventrikali ina milango miwili ya kutolea damu, aota mbele na atiria (chumba cha juu) nyuma ambako presha ni ndogo. Inajikamua kirahisi, EF inapendeza. Ukiziba mlango wa nyuma, ventrikali inakutana na mzigo wake halisi na EF hushuka, mara nyingi kwa pointi kama 10. Kwa hiyo mpaka wa mitrali ni EF 60% au pungufu, au kipenyo cha ventrikali mwisho wa kujikamua 40 mm au zaidi. Ukifika kimojawapo, asiye na dalili apasuliwe. Kabla ya hapo, vinavyosukuma uamuzi ni mpapatiko wa atiria (mapigo yasiyo na mpangilio) ulioanza karibuni, presha ya mapafu kupita 50 mmHg akiwa amepumzika, au atiria ya kushoto kutanuka hadi 60 ml kwa m².

KisuTaratibu
Na uwezekano wa kuikarabati. Hili hubadilisha kila kitu. Vali iliyolegea, kipande cha katikati cha jani la nyuma kikiwa kimekatika kamba, fundi mzoefu anaikarabati kwa uhakika wa zaidi ya 95% na vifo chini ya 1%. Hapo kupasua mapema bila sababu nyingine kuna mantiki, kwa sababu mgonjwa anabaki na vali yake. Mitrali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, majani yamenenepa na kujikunja, kamba zimegandana, ni habari nyingine. Wengi huishia kuwekewa vali ya bandia, na ukarabati unaweza usidumu. Kumharakisha kijana wa miaka 22 asiye na dalili, mwenye ventrikali nzuri, ili umpe vali ya chuma na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya maisha, ni kumbadilishia ugonjwa mmoja kwa mwingine. Huyo nitamfuatilia kwa karibu hadi avuke mpaka.

MzeeWaEko
Kwenye uvujaji pia tuhakikishe kipimo. Ukali wa mitrali ni tundu la 0.4 cm², au 60 ml zinazorudi kila pigo, au nusu ya damu yote. Watu hupima nusu duara ya rangi kisha hukubali jibu la mashine. Weka kikomo cha rangi 40 cm/s na kasi ya juu ya mkondo 5 m/s. Nusu kipenyo 1.0 cm kinatoa tundu la 0.50 cm². Kikiwa 0.8 cm, tundu ni 0.32. Milimita mbili zimemhamisha mtu kutoka ukali hadi wastani.

Pia kuna mitrali inayovuja mwishoni tu mwa pigo, kwa wenye majani yaliyolegea. Picha moja iliyogandishwa inatisha, lakini damu inayorudi ni kidogo kwa sababu muda ni mfupi. Tazama mkondo mzima, usitazame fremu moja.

Mdadisi_wa_Wodi
Aota inayovuja?

DktStetho
Hii ndiyo inayovumilia kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Ventrikali hutanuka miaka mingi bila kelele. Mipaka: EF 55% au pungufu kwa mwongozo wa Marekani wa 2020, 50% kwa Ulaya 2021, au kipenyo cha ventrikali mwisho wa kujikamua kupita 50 mm, au kupita 25 mm kwa kila m² ya mwili. Hicho cha mwisho msikiruke. Mwanamke mwenye mwili wa 1.5 m² akiwa na 38 mm, kwa macho ni ventrikali ndogo. Gawa: 25.3. Amevuka. Ukimsubiri afike 50 mm, ventrikali yake itakuwa imekwisha.

Pima pia mzizi wa aota. Ukifika 55 mm, aota yenyewe ni sababu ya kupasua hata kama vali ingevumilia. Kwa wenye Marfan (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu) mpaka ni 50.

SistaWarfarini
Naomba kuongeza mitrali iliyobana, maana wadau wameiruka na ndiyo ya vijana. Eneo la 1.5 cm² au pungufu ni kali. Asiye na dalili hapelekwi puto (la kupanua vali) kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Anapelekwa akiwa na historia ya donge la damu kusafiri, mpapatiko wa atiria ulioanza karibuni, presha ya mapafu zaidi ya 50 mmHg, au anataka kubeba mimba. Vali lazima iwe laini kiasi, alama ya Wilkins (ya ubovu wa vali kwenye eko) 8 au pungufu ndiyo nzuri. Puto haliingii kama atiria ina donge (eko ya umio iangalie kwanza), au kama vali tayari inavuja zaidi ya kidogo.

La mimba lisingoje mimba. Damu mwilini huongezeka, mapigo huenda mbio, muda wa kujaza ventrikali hupungua, na mama aliyekuwa "hana dalili" anajaa maji mapafuni mwezi wa sita. Muulizeni kila mwanamke wa umri wa kuzaa kabla ya kuchagua vali pia. Vali ya chuma inahitaji warfarini, na warfarini kati ya wiki ya 6 na 12 inaweza kumlemaza mtoto. Vali ya nyama (ya tishu za mnyama) haiihitaji kwa muda mrefu, lakini kwa kijana huchakaa mapema na atarudi mezani.

Na kuhusu vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda: kwa vali ya chuma, hapana. Utafiti wa dabigatrani ulisimamishwa kwa sababu ya madonge na kutoka damu. Kwa mitrali iliyobana kwa rumatiki yenye mpapatiko, utafiti wa INVICTUS wa 2022 ilionyesha warfarini na jamii yake wana vifo vichache kuliko rivaroksabani, kimojawapo cha vidonge hivyo vipya. INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ya vali ya chuma ya aota ilengwe 2.5, ya mitrali 3.0. Kama mgonjwa hana mahali pa kupima INR kila mwezi, hilo lijadiliwe kabla kifua hakijafunguliwa.

Aliye na vali ya rumatiki aendelee na sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 hadi 4, apasuliwe asipasuliwe. Kupasuliwa hakufuti sindano.

Mdadisi_wa_Wodi
Basi mgonjwa wangu wa mfano, miaka 66. Tukisema asubiri, asubiri vipi?

DktStetho
Kwanza mashine ya kukimbilia na BNP. Vikiwa safi, na timu ina matokeo mazuri, mpe chaguo zote mbili waziwazi. Miaka 66 ni umri ambao TAVI (vali ya kupitishwa kwenye mshipa, ndiyo hiyo TAVR) na upasuaji wa kufungua vyote vinajadiliwa. Ulaya 2025 wanaelekeza TAVI zaidi kuanzia 70, Marekani wanaanza mjadala 65. Vali ikiwa na majani mawili, au mishipa ya moyo imeziba, mizani huelekea kwenye kisu.

Akichagua kusubiri: eko na BNP kila miezi 6, maabara ile ile, ikiwezekana mpimaji yule yule. Presha itibiwe, ukianza na dozi ndogo. Kumnyima dawa ya presha kwa kuogopa vali ni mazoea ya zamani. Dawa za lehemu hazipunguzi kasi ya vali kubana, apewe kama ana sababu nyingine. Mazoezi mazito ya kushindana, hapana, kutembea, ndiyo. Aandikiwe kwenye karatasi mambo matatu ya kuripoti siku hiyo hiyo bila kungoja miadi: kuhema kwa kazi aliyokuwa akiiweza, kifua kubana akitembea, kuzimia au kukaribia kuzimia. Jina lake liwe kwenye daftari, na mtu maalumu ampigie asipotokea kliniki. Kusubiri bila daftari ni kumpoteza mgonjwa.

Asiyekubali
Hapo kwenye daftari weka wino mzito. Waliosubiri kwenye tafiti walifuatiliwa hasa, kwa ratiba. Kama huwezi kumfuatilia hivyo, hoja yangu yote ya kusubiri inaanguka na mimi naungana na KisuTaratibu.

Mdadisi_wa_Wodi
Swali la mwisho, meno yake mawili yameoza. Yang'olewe kabla au baada?

SistaWarfarini
Kabla, na iwe angalau wiki mbili kabla ya vali ili fizi zipone. Kwa sasa akiwa na vali yake ya asili, mwongozo haumtaki apewe antibayotiki ya kinga kwa kung'oa jino. Akishawekewa ya bandia, kila akienda kung'oa au kusafishwa chini ya fizi apewe amoksilini gramu 2, nusu saa hadi saa moja kabla. Ukimwona daktari wa meno akimwachisha warfarini siku tano kwa jino moja, mpigie simu: jino moja hung'olewa INR ikiwa kwenye lengo, kwa kushona na pamba ya kukandamiza.